Rangi Nyekundu Si Gesi: Tunajifunza Kuisoma Ardhi au Kubonyeza Programu?

Siku ya kuwasilisha miradi ya mwaka wa mwisho nilipanda mbele na ramani yangu nikijiamini kweli kweli. Ilikuwa ramani nzuri. Katikati palikuwa na doa jekundu linalojipinda kama mkondo wa mto, na pembeni bluu tupu. Nikasema kwa sauti, "Hapa kwenye nyekundu ndipo penye gesi." Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma akauliza swali moja tu: "Nikiingia kwenye hiyo programu nikaibadilisha nyekundu ikawa kijani, gesi itahamia wapi?"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha kuficha aibu. Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa nimetumia miezi minne kutengeneza ramani ambayo sikujua inasema nini.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu naona siko peke yangu. Kila mwaka tunamaliza masomo ya jiolojia na uhandisi wa petroli tukiwa na ramani za kupendeza, na wengi wetu tunaamini kwamba rangi ndiyo jibu. Hoja yangu ni fupi: ramani ya namna hii ni swali tunaloiuliza ardhi, na anayelichukua kama jibu atadanganywa na kompyuta yake mwenyewe, au na kompyuta ya mtu mwingine. Wenzangu wa sheria, uchumi na uhasibu, msifungue ukurasa unaofuata. Mtaona huko mbele kwamba doa langu jekundu linawahusu hata ninyi.

Twende taratibu. Baharini, meli huvuta nyaya ndefu zenye vinasa sauti na kufyatua hewa iliyobanwa. Sauti inashuka, inapita kwenye maji, inaingia kwenye miamba, na kila inapofika mpaka wa mwamba mmoja na mwingine, sehemu yake inarudi juu kama mwangwi. Tunachokiita data za mitetemo ni mkusanyiko wa mamilioni ya miangwi hiyo. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona.

Nguvu ya mwangwi inategemea tofauti ya ukinzani kati ya miamba miwili. Ukinzani ni uzito wa mwamba kwa ujazo ukizidishwa na kasi ya sauti ndani yake. Chukua mfano wa darasani. Mwamba wa tope lililogandamana una uzito wa gramu 2.4 kwa sentimita moja ya ujazo, na sauti hupita humo kwa mita 3,000 kwa sekunde: ukinzani 7,200. Chini yake kuna mwamba wa mchanga uliojaa maji, gramu 2.25 na kasi ile ile: 6,750. Toa, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili, unapata mwangwi wa asilimia 3 hivi ya sauti iliyofika pale. Sasa yaondoe maji mchangani, weka gesi. Uzito unashuka hadi 2.1, kasi inashuka hadi 2,500, ukinzani unakuwa 5,250. Mwangwi unaruka hadi karibu asilimia 16. Mchanga ni ule ule, lakini gesi imeufanya upige kelele mara tano zaidi.

Hapo ndipo ilipoanzia biashara yote hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za mafuta zilianza kuyachukulia kwa uzito madoa yenye mwangwi mkali, na mengi yalikuwa na gesi kweli. Mwaka 1979 Taner, Koehler na Sheriff walichapisha makala iliyoonyesha jinsi ya kukokotoa kutoka kwenye kila mwangwi nguvu yake, fezi yake na masafa yake kwa kila nukta ya wakati. Mwaka 1995 Bahorich na Farmer wakaleta kipimo cha mfanano: kompyuta inalinganisha kila mwangwi na majirani zake, na pale wasipofanana ghafla, mara nyingi pana ufa ardhini au ukingo wa mkondo wa kale. Vipimo vyote hivi ndivyo tunaviita atribyuti, yaani sifa za mitetemo. Leo programu moja inaweza kukukokotolea makumi ya atribyuti kabla chai yako haijapoa.

Sitaki nieleweke vibaya. Atribyuti zimefanya kazi kubwa duniani, na zinatufaa sana sisi. Gesi ya bahari kuu ya Tanzania imo kwenye mchanga ulioporomoka zamani kutoka nchi kavu na kutiririka kwenye mifereji iliyo chini ya bahari. Mifereji hiyo haionekani kirahisi kwenye mkato mmoja wa mitetemo. Ukiichora ramani ya nguvu ya mwangwi au ya mfanano, unaiona inajipinda kama vile umepanda ndege juu ya Rufiji. Nani asiyefurahi? Tatizo linaanza tunapofurahi tukasahau kuuliza maswali. Mimi ninayajua matatu ambayo yangeniokoa siku ile.

La kwanza: gesi ni kiasi gani? Muulize fundi yeyote wa magari kuhusu breki zilizoingia upepo. Upepo kidogo tu kwenye bomba la mafuta ya breki unatosha kuifanya pedali izame hadi chini. Ukiongeza upepo, pedali inazama vile vile. Ukiikanyaga unajua upepo upo, ila hujui ni mwingi au kidogo. Mwamba una tabia hiyo hiyo. Gesi ikichukua hata asilimia 5 au 10 tu ya nafasi kwenye vitundu vya mchanga, na kwingine kote ni maji, kasi ya sauti inaporomoka karibu sawa na pale ambapo gesi imejaa. Kwa hiyo doa langu jekundu lingeweza kuwa utajiri, au likawa povu tu ndani ya maji ambalo hakuna mtu atakayelilipia. Kinachotofautisha zaidi hali hizi mbili ni uzito wa mwamba, kwa kuwa uzito hushuka polepole kadiri gesi inavyoongezeka. Kwa bahati mbaya, uzito ndicho kitu kigumu zaidi kukipata kutoka kwenye mitetemo.

La pili: unene. Sauti ikienda mita 3,000 kwa sekunde na ikitetema mara 30 kwa sekunde, urefu wa wimbi moja ni mita 100. Tabaka la mchanga likiwa jembamba kuliko robo ya hapo, yaani mita 25, mwangwi wa juu yake na mwangwi wa chini yake vinapandana, huwezi tena kuvitenganisha. Tena kuna mtego: tabaka linapokaribia unene huo wa robo wimbi, miangwi miwili inasaidiana na doa linang'aa kuliko kawaida, hata kama hakuna kilichobadilika ndani ya mwamba zaidi ya unene. Sehemu iliyong'aa kuliko zote kwenye ramani yangu ilikuwa pembeni ya mkondo, mahali ambapo mchanga unapungua unene. Nilipaita "penye gesi nyingi zaidi". Leo naona haya kuandika sentensi hiyo.

La tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linafanana sana na tabia yetu ya kudesa. Tunachukua visima vitano vyenye vipimo, tunakokotoa atribyuti ishirini, kisha tunatafuta ipi inayolingana na wingi wa vitundu kwenye visima hivyo. Moja ikitoa uwiano wa 0.8, tunashangilia na kuichorea ramani eneo zima. Lakini fanya hesabu. Ukiwa na visima vitano tu, atribyuti isiyohusiana kabisa na vitundu ina nafasi kama 1 kati ya 10 ya kutoa uwiano wa 0.8 au zaidi, wa kupanda au wa kushuka, kwa bahati tu. Ukijaribu ishirini zisizotegemeana, nafasi ya kwamba angalau moja itakudanganya inakaribia asilimia 90. Cynthia Kalkomey alionya kuhusu jambo hili tangu mwaka 1997, na onyo lake linaeleweka na yeyote aliyesoma takwimu za mwaka wa kwanza. Ni sawa na kumuuliza swali moja kila mtu bwenini mpaka umpate anayekubaliana nawe, kisha useme bweni zima limekubali.

Sasa nije kwa wanasheria na wachumi niliowaomba wasiondoke.

Kila Mtanzania anayefuatilia habari amesikia kwamba nchi yetu imegundua gesi ya futi za ujazo trilioni 57.54. Sehemu kubwa ya gesi hiyo iko bahari kuu, kwenye maeneo tuliyoyapa majina ya kutoka jikoni na ufukweni: Pweza na Chewa ziligunduliwa mwaka 2010, Zafarani mwaka 2012, na nyingine zikafuata. Hakuna tangi lililopimwa kwa futi kamba ili kuipata namba ya namna hiyo. Unachukua eneo la mchanga wenye gesi, unazidisha kwa unene, unazidisha kwa sehemu ya mwamba iliyo vitundu, unazidisha kwa sehemu ya vitundu iliyo gesi, halafu unarekebisha kwa jinsi gesi inavyotanuka ikifika juu. Visima vinakupa unene, vitundu na gesi pale tu vilipochimbwa. Katikati ya kisima na kisima, kwa kilomita nyingi, mtu anaangalia ramani ya mitetemo. Eneo ndilo lile doa. Ukilichora kubwa kwa moja ya tano, gesi yote inakua kwa moja ya tano. Ukilichora dogo, inapungua vivyo hivyo.

Kwa hiyo mnapowaza mkataba wa kugawana gesi, gharama za mtambo wa kuisindika kuwa kimiminika kule Lindi, au kodi itakayojenga shule, jueni kwamba chini kabisa ya mahesabu hayo kuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akaamua nyekundu inaishia wapi. Kisima kimoja cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola. Mwekezaji anakuja mezani na watu waliosoma madoa hayo kwa miaka ishirini. Upande wetu wa meza lazima akae mtu anayeweza kusema: "Samahani, hapo ulipochora mpaka, mwangwi haufuati kina cha mtego. Umekata kwa sababu gani?" Mtu huyo anatakiwa atoke kwenye madarasa yetu. Akitoka akiwa na ujuzi wa kubonyeza tu, atapokea ramani, ataisifia rangi, atasaini.

Je, madarasa yetu yanamtengeneza? Walimu wetu wanajitahidi, tena kwa vifaa vichache. Lakini tazama tunajifunzia nini. Wengi wetu data tuliyoigusa kwa mikono ni ile ya F3, kipande cha bahari upande wa Uholanzi kilichopimwa mwaka 1987 na kuwekwa wazi kwa kila mtu duniani. Wengine wametumia Volve ya Norwei, ambayo kampuni ya Equinor iliifungua mwaka 2018, vipimo vya visima na uzalishaji ndani yake. Nawashukuru kwa dhati, kwani bila wao tungekuwa tunachora ubaoni. Equinor hiyo hiyo, wakati ikiitwa Statoil, ndiyo iliyochimba Zafarani kwenye kitalu namba 2 hapa kwetu. Yaani mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuijua Bahari ya Kaskazini tabaka kwa tabaka, na asiwe amewahi kuona mwangwi mmoja kutoka Lindi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Wazazi wa baadhi yetu walikuwa hawajazaliwa.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba data hizi ni siri ya biashara. Kweli, na sisemi zimwagwe mtandaoni. Lakini kwa mujibu wa sheria data za petroli ni mali ya Serikali, na kwenye siri na uwazi kuna njia ya katikati. Kipande cha kilomita tano kwa tano kutoka eneo lililochimbwa zamani, kikaondolewa alama za mahali, kikaambatana na vipimo vya kisima kimoja au viwili, kikakaa kwenye kompyuta za maabara na kutumiwa kwa mkataba wa kutotoka nacho, hakimharibii mtu biashara. Kisima kikavu ndicho kingefaa zaidi. Kisima kikavu kilichochimbwa juu ya doa linalong'aa kingetufundisha unyenyekevu kuliko mihadhara kumi.

Jibu la pili linatoka kwetu wenyewe, tena kwa majigambo: kompyuta zenye akili bandia zitafanya kazi hii, kwa nini tujisumbue? Rudi kwenye visima vyako vitano. Mashine inayojifunza kutoka kwenye visima vitano haina siri nyingine. Inapekua atribyuti kwa haraka zaidi, hivyo inaweza kudanganyika kwa haraka zaidi, tena ikatoa ramani nzuri kuliko yako. Inafaa pale penye visima vingi na mtu wa kuikagua. Hapa kwetu visima ni vichache na wakaguzi ndio hao tunaobishana namna ya kuwafundisha.

La tatu ndilo linaloniumiza: ajira zenyewe ziko wapi? Wapo walioanza kusoma petroli wakati wa shangwe za ugunduzi, leo wanaendesha bodaboda au wanauza vocha. Siwezi kumwahidi mtu kazi. Ninachoweza kusema ni kwamba ujuzi wa kubonyeza programu ndio unaokosa soko kwanza, kwa sababu programu mpya inakuja kila mwaka na kitufe kimoja pungufu. Anayejua mwangwi unatoka wapi atatafuta maji Dodoma, atapima mvuke wa ardhini Mbeya, atachunguza udongo wa misingi ya madaraja. Fizikia ni ile ile.

Basi tufanye nini? Kwa idara zetu nina maombi mawili. Moja, mradi wowote wa atribyuti usipokelewe mpaka mwanafunzi aonyeshe kwanza jinsi mwangwi unavyolingana na kisima, na aandike kwa sentensi moja anauliza swali gani kabla hajachagua atribyuti. Anatafuta ufa? Atumie mfanano. Anatafuta unene? Atazame masafa. Anatafuta gesi? Aonyeshe mwangwi unabadilikaje kadiri umbali kati ya mfyatuo na kinasa sauti unavyoongezeka, aonyeshe kama doa linaishia kwenye kina kimoja kuzunguka mtego wote, na kama chini yake kuna mwangwi bapa wa mpaka wa gesi na maji. Atribyuti tatu zenye sababu zinatosha. Mbili, idara iandike barua rasmi kuomba kile kipande cha kilomita tano kwa tano, na serikali yetu ya wanafunzi iisukume barua hiyo kwa nguvu ile ile tunayotumia bumu linapochelewa.

Na kwetu sisi wanafunzi: ukimaliza ramani yako, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, umwonyeshe mwenzako wa chumbani asiyesoma jiolojia. Akikuuliza "sasa gesi iko wapi?", umjibu bila kutaja rangi. Ukishindwa, mradi wako haujaisha.

Mimi nilirudia wangu. Nilirudi kwenye kisima, nikapima unene wa mchanga, nikakuta sehemu kubwa ya wekundu wangu inaelezeka kwa unene peke yake. Ramani ya pili ina doa dogo sana, na pembeni yake nimeandika "huenda". Haipendezi kama ile ya kwanza. Mwalimu yule aliitazama muda mrefu, akauliza swali jingine. Safari hii nilijibu.